Jaruba la Bi Kiraka

Siku ya kwanza Kimya alipomwona, aliona mgongo. Yule mama alikuwa ameinama ndani ya tope akipandikiza mpunga, huku akirudi kinyumenyume. Kimya alikuwa amesimama pembeni ya jaruba akitafuta maneno ya kuanzia, na kabla hajayapata, mama akarudi mpaka akamgonga magotini.

"Kama umekuja kufunga maji," alisema bila kugeuka, "sogea kwanza. Unanikanyagia miche."

Kimya akasogea. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu hata salamu ilimtoa jasho. Chama cha wamwagiliaji kilikuwa kimempa kazi ya kufungua na kufunga malango ya mifereji, na agizo lake la kwanza lilimhusu mama huyu.

Upande ule wa delta, watu walikuwa wameacha mpunga. Walichimba mabwawa, wakaingiza maji ya chumvi, wakafuga kamba. Jaruba moja tu lilibaki kijani katikati ya mabwawa, kama kiraka kwenye suruali, na mwenye jaruba akaitwa Bi Kiraka. Jina lilikusudiwa kumchoma. Yeye akaliitikia kwa sauti kubwa, kama alilichagua mwenyewe.

Maji matamu ya mto yalimfikia kwa mfereji mmoja, na ndiyo yaliyoisukuma chumvi isipande. Yakikatwa tu, udongo ungegeuka mweupe, na jaruba lisingefaa kitu kingine ila bwawa. Mwenyekiti wa chama alikuwa na mabwawa kulia na kushoto kwa mfereji huo, na alitaka ufukiwe ili ayaunganishe. Kilichomzuia ni sheria waliyoipitisha wenyewe enzi zile wote walipokuwa wakulima: jaruba lenye mimea iliyosimama halikatiwi maji.

"Pita pale kila siku," mwenyekiti alimwambia Kimya. "Siku utakayolikuta tupu, funga."

Kimya akapita kila siku, na kila siku jaruba lilikuwa na kitu. Bi Kiraka hakuvuna kwa mkupuo kama watu wengine. Alikata ukanda mmoja ulioiva, na mpunga haujakauka vizuri uani, ukanda ule umeshapata miche mipya. Huku mpunga wa njano, pale wa kijani, kule ndiyo kwanza unachungulia majini, kama watoto wa nyumba moja waliofuatana.

"Dada, huchoki?" Kimya aliuliza siku moja. Swali hilo alikuwa ameliandaa tangu masika.

"Nachoka sana. Lakini mimi nikikaa kitako, hao wa mabwawa watanyanyuka. Shika mundu huo, usinisimamie kama mlingoti."

Akaushika. Tangu hapo, akimaliza malango yake, alikuja kumsaidia kukata. Kupandikiza hakuruhusiwa. Bi Kiraka alisema mikono yake mizito kama matofali.

Mwenyekiti naye alikuja mara kwa mara, na viatu vyake vyeupe, akaishia juu ya tuta. Alikuwa mtoto wa kaka yake Bi Kiraka.

"Shangazi, niachie hili shamba upumzike. Nitakujengea nyumba ya vigae."

"Nyumba ninayo, na haivuji."

"Unazuia maendeleo, shangazi."

"Nimezuia nini? Si nimekaa kwangu tu? Yapite pembeni." Akajinyoosha, mkono kiunoni. "Nilikubeba mgongoni humu humu jarubani, ukanikojolea. Leo umekua, unataka kunikojolea tena?"

Kimya alijificha nyuma ya mpunga acheke.

Kisha mgongo ule wa Bi Kiraka ukagoma. Msimu mzima kanda zilikatwa bila kupandikizwa tena. Binti yake alimpeleka hospitali ya mbali, na jaruba likabaki na ukanda mmoja tu uliokwisha kuiva. Ndege wakaushambulia, mvua ikaulaza chini. Mwenyekiti akamwita Kimya.

"Kesho nakuja mwenyewe. Uwe na ufunguo wa lango."

Asubuhi Kimya alikwenda kwenye kitalu cha Bi Kiraka, nyuma ya jiko. Miche ilikuwa imekauka. Lakini kando ya mfereji aliona miche mingine, mirefu, yenye afya. Akaing'oa yote, akaingia topeni na mikono yake ya matofali, akapandikiza peke yake huku akirudi kinyumenyume. Mistari ilikwenda kama njia ya mlevi.

Mwenyekiti alipofika juu ya tuta, jaruba lilikuwa kijani.

"Nani kapanda hapa?"

"Mimi," Kimya alisema, tope likimchuruzika kidevuni.

"Wewe? Kazi yako ni kufunga!"

"Kufunga jaruba tupu. Hili lina mimea. Ukitaka funga wewe, ila mkutanoni nitasema."

Mwenyekiti akacheka. "Wewe utasema? Tangu lini unasema?"

"Nimeanza leo."

Mwenyekiti alinyoosha mkono apewe ufunguo. Kimya akautia mfukoni, akainama tena kupandikiza. Aliponyanyuka, tuta lilikuwa tupu.

Bi Kiraka alirudishwa siku chache baadaye, amekonda, akakalishwa kwenye kiti tutani. Aliangalia mistari ile kwa muda mrefu. Akaomba mche mmoja, akausugua shina kwa kidole gumba, halafu akacheka mpaka binti akamshika asianguke.

"Kimya, mdogo wangu! Umenipandia magugu."

Kimya aliutazama mche ule. Ulifanana na mpunga kabisa. Kumbe ndiyo miche aliyokuwa akiing'oa mwenyewe Bi Kiraka wakati wa palizi na kuitupa kando ya mfereji, ikashika mizizi huko. Alitamani tope limmeze.

"Nisamehe, dada. Nitayang'oa yote leo leo."

Bi Kiraka akaacha kucheka. Binti alikuwa ameshaanza kumnyanyua ampeleke ndani, kitandani, ambako hakutoka tena. Akageuza shingo, akamnyooshea Kimya kidole chenye tope.

"Thubutu! Ng'oa gugu moja, pachika mpunga, ndipo ung'oe lingine. Lisikae tupu."