Wafanyakazi wa Kiwanja cha Kisaki

Nilitumwa Kisaki kupima faida ya viwanja vidogo vya ndege vya mkoa wetu, na fomu niliyopewa ilinichefua tangu mwanzo. Iliuliza abiria, mizigo, mafuta, wafanyakazi. Mbele yangu palikuwa na uwanja wa nyasi na ngiri wakichimbua mizizi. Nikajaza "hakuna" kila mahali, nikatia kalamu mfukoni.

Mara ndege ikanguruma. Rubani alizunguka kijiji mara moja, chini chini, bila kutua. Mama mwenye nyumba niliyofikia, kando ya uwanja, akaacha kisamvu jikoni, akanyakua sufuria na mwiko, akatoka mbio. Wanawake wakamiminika kutoka kila nyumba, wakajipanga upana wote wa uwanja, wakatembea wakigonga masufuria hadi ngiri wa mwisho akakimbilia porini.

Ndege ikatua. Mjamzito aliyezidiwa tangu asubuhi akapakiwa, ikaruka.

Nikamfuata mwenyeji wangu. "Mama, nani amewaita?"

"Si umeisikia ndege, mwanangu?" akajibu, akarudi kwenye kisamvu chake.

Nikaifungua fomu. Penye wafanyakazi nilikuwa nimeandika "hakuna", tena kwa wino.