Miaka Minane kwa Ajili ya Tranberg

Mtu akikutendea ubaya, watu watakwambia mwachie Mungu. Delphine Ostrowski hakumwachia yeyote.

Alikuwa fundi katika maabara ya Profesa Tranberg, katika chuo kimoja cha Ohio, Marekani, na ni yeye aliyegundua kwa nini figo za panya wenye ugonjwa wa lupasi zinakufa. Makala ya ugunduzi huo ilipotoka, jina lake halikuwamo. Alipouliza, Tranberg alimjibu bila kuinua macho, "Wewe ni mikono, Delphine. Makala huandikwa na vichwa." Neno hilo likamkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Akaomba kusomea udaktari wa aina mbili kwa pamoja, wa kutibu na wa utafiti, miaka minane ya jasho. Vyuo viwili vikamkubali. Kimoja kilikuwa Denver, kwa mabingwa wa lupasi, ugonjwa huo wa mwili kujishambulia wenyewe uliokuwa ukimla dada yake Bernadette. Kingine kilikuwa kilekile cha Tranberg. Ilipasa mwisho wa Aprili ashike kimoja, aache kingine.

"Sasa hapo swali liko wapi?" Bernadette aliuliza, wakikunja pierogi, vile vibumba vya unga vya kujazwa viazi, jikoni. "Nenda Denver."

"Nitaenda, dada. Kwanza nikawasalimie wa hapa."

"Mdogo wangu, unachagua chuo au unachagua adui?"

Delphine akacheka tu, akaendelea kubana kingo za unga.

Mwezi Machi vyuo huwaalika waliokubaliwa, na hapo ndipo mambo hugeuka. Maprofesa waliokuona takataka jana ndio wanaokubembeleza leo, maana maabara isiyo na wanafunzi hawa ni duka lisilo na wateja. Kwenye chakula cha jioni Tranberg akamshika bega mbele ya wageni wote.

"Huyu nimemlea mimi," akasema. "Tangu siku ya kwanza nilijua ana kichwa."

Jamani, kuna watu hawana hata chembe ya haya! Delphine akatabasamu mpaka jino la mwisho. "Profesa hajabadilika hata kidogo," akasema.

Kesho yake kukawa na kile kikao cha kila mwaka: wageni na wanafunzi wenyeji, piza mezani, mlango umefungwa, profesa haruhusiwi kuingia. Mgeni mmoja akauliza maabara ya Tranberg ikoje. Wenyeji wakatazamana, wakaendelea kutafuna. Bado walihitaji saini yake ili wahitimu. Delphine akaweka kipande chake chini akasimulia yote, pole pole, bila kuongeza chumvi. Haikuhitaji chumvi. Alipomaliza, hakuna aliyebaki na hamu ya Tranberg.

Ingetosha. Angekwenda zake Denver akalale usingizi wa amani. Lakini wageni huja kila Machi, na mwakani nani angewaambia?

Akachagua Ohio.

Bernadette alipopata habari, alikaa kitini akijikanda vidole vilivyovimba. "Na mimi je?" akauliza.

"Lupasi ipo hata hapa," Delphine akajibu bila kuinua macho.

Kila Machi alijitolea kuwapokea wageni. Aliwapikia, akawalaza kwake, akawaambia. Mwanafunzi mpya hakukanyaga tena kwa Tranberg. Vizimba vya panya vikarudishwa stoo kimoja kimoja, na mwaka wa nne mzee akafunga maabara akastaafu. Siku hiyo Delphine alijinunulia keki, akaila peke yake mpaka ikaisha, na ilikuwa tamu, asikudanganye mtu.

Machi iliyofuata akampokea binti mmoja aliyekuwa hajui aende wapi, hapa au Denver.

"Wewe kwa nini ulichagua hapa?" binti akauliza.

"Kwa ajili ya Tranberg."

Binti akakunja uso, akijaribu kukumbuka. "Tranberg ndiye nani?"