Ukurasa wa Kichina

Askari anayeandika ukurasa wa mtandaoni wa Kichina wa kituo chetu cha polisi hatulii kitini. Anatuma onyo kuhusu matapeli, anasimama, anachungulia simu, anakaa, anauma kucha. Jana asubuhi bibi mmoja Mchina alimwandikia: "Nikikata simu yako, kweli utanikamata?" Askari hakuwa amempigia mtu simu; tapeli alikuwa akijifanya yeye. Alitoka mbio bila kofia, nami nyuma yake. Bibi akagoma kufungua mlango. Askari akapiga magoti, akamsihi kwa Kichina kupitia upenyo wa chini, akikwama, akirudia, jasho likimtiririka. Ndani kukasikika kicheko, na komeo likafunguka. Bibi alisema jambo, naye askari akanitafsiria kwa aibu: "Yule wa kwenye simu anaongea kama mtangazaji. Wewe unavyokivunjavunja Kichina, mjukuu wangu, lazima ndiye polisi wa kweli."