Geita Hakuna Mkwe

Sogea karibu, rafiki yangu, nikusimulie polepole. Juzi nilishuka kwenye basi kituo cha Tinde kununua maji ya kunywa, nikamsikia mpiga debe akiita, "Chato! Geita! Chato!" Nikasimama na chupa mkononi kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Miji hiyo miwili ya zamani ndiyo iliyotukalisha kikao nyumbani, miaka ya sabini, nilipokuwa msichana wa shule ya msingi.

Ulikuwa msimu wa baada ya kuuza pamba. Uani kulinukia michembe, vile viazi vitamu tulivyokata vipande na kuanika juani, na kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku wasivile. Bibi, mama yake mama yangu, alikaa kivulini akichambua karanga kwa vidole, maana nuru ya macho ilikuwa inamtoka. Mtoto wa jicho alikuwa amezifunika mboni zote mbili. Mganga wa zahanati alisema hana dawa ya hilo. Basi bibi akasema jambo moja tu: kabla giza halijafunga kabisa, apelekwe mahali akapumzike, na apaone.

Mahali pawe wapi? Chato kulikuwa na ziwa, na bibi hakuwa ameliona ziwa maisha yake yote. Geita kulikuwa na mji wa mgodi wa zamani, alikoishi alipokuwa bibi harusi, babu akishuka chini ya ardhi kuchimba dhahabu. Moyo wake ulikuwa Chato. Hakuficha.

Sasa nikueleze ugumu ulipokuwa, maana watoto wa leo hawaujui. Chato aliishi mama yangu mdogo na mumewe mvuvi. Kwetu Wasukuma, mama mkwe na mume wa binti yake waliheshimiana kwa kukwepana. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja. Kwetu bibi alikuwa na kibanda chake, na baba alikaa mbali naye akimpa mgongo; lakini nyumba ya mama mdogo ilikuwa na chumba kimoja. Mvuvi alituma salamu kwamba atahamia kambini kwa wavuvi wenzake hadi mgeni aondoke. Bibi akakataa. "Nimfukuze mwanamume nyumbani kwake? Watu watanitemea mate."

Jirani yetu, mwanamke mcheshi, alijaribu kuurahisisha mzigo. "Bibi, jifunike kitenge. Mkwe akipita, fumba macho!"

"Macho yenyewe yameshajifumba," bibi akamjibu, "nifumbe nini tena?"

Tukacheka. Mama alimgeukia baba kule mbali alikokaa, baba akatazama chini. Hakuna aliyekosea, unaona? Mila ilikuwa njema, mkwe alikuwa mwema, na bado hatukuwa na la kufanya.

Mhindi mwenye duka, ambaye lori lake lilipeleka chumvi na sabuni huko kote, alikuja mwenyewe kuuliza. Bibi alikuwa mkubwa kwake, naye hakusahau heshima. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Lori langu halina mkwe. Sema tu, nikupeleke wapi?"

Bibi akajifunga khanga vizuri. "Geita," akasema. "Geita hakuna mkwe."

Tulisafiri juu ya magunia ya chumvi, vumbi jekundu likitujaa masikioni, mama akimshika bibi mkono mmoja, mimi mwingine. Geita, mgodi ulikuwa umefungwa. Nyumba za wafanyakazi hazikuwa na mapaa, na majani yalikuwa yamepanda hadi madirishani. Bibi alipapasa kuta akitafuta nyumba yake, moja baada ya nyingine, na kila moja alisema huenda ndiyo. Tuliacha kumuuliza.

Mwenyeji wetu, rafiki yake wa ujana, alitaka kumfurahisha. Asubuhi akatupandisha kilimani. Kwa mbali, kama kipande cha bati juani, niliona maji. "Ziwa lile pale!" mwenyeji akapaza sauti.

"Liko wapi, ng'wanone?" bibi akaniuliza. Ndivyo alivyozoea kuniita kwa Kisukuma, yaani mwanangu. Nikamshika mashavu, nikaugeuza uso wake taratibu upande wa maji. Akatazama sana.

"Ni jeupe," akasema. "Jeupe kama maziwa."

Nilijua kwamba siku hizo kwake kila kitu kilikuwa cheupe. Nilimtazama mama anisaidie neno. Mama alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya khanga.

Msimu uliofuata mkwe wa Chato alimaliza kumjengea kibanda chake peke yake, nje ya ua, mlango umegeukia ziwani. Akatuma habari kwa furaha. Bibi alikuwa hatofautishi tena mchana na usiku. "Mwambieni nimeshukuru sana," akasema. "Lakini nikafanye nini? Sauti ya maji hata mtungini ipo."

Leo Geita imejaa taa na pikipiki, barabara ya Chato ina lami, na wakwe wanakula meza moja wakitaniana. Kibanda kilianguka bila kulaliwa. Simlaumu yeyote, na wewe usijilaumu kwa yaliyokupita. Ila kama kuna mzee nyumbani kwako, muulize leo jioni ni wapi anatamani kupaona, kisha mpeleke huko kwanza.