Walituandika Nyekundu

Mwaka 1968, nikiwa na miaka kumi, baba alikufa, na shule yangu ikaishia mwaka wa pili. Nilibeba ndizi za watu, nilifua nguo za watu, nikaolewa, nikashuka Goma na bwana ambaye naye hakukaa sana duniani. Hapo nikashika nyundo. Nilikaa chini mtaani Ndosho nikaponda mawe ya volkano kuwa changarawe, mwaka juu ya mwaka, mpaka wajenzi wakajua: ukitaka changarawe safi, nenda kwa yule mama. Nasema haya mujue ni nani waliyemwandika nyekundu.

Kampanye ya uchaguzi wa 2023, mfanyabiashara mmoja aliyejenga kwa changarawe yangu alitaka kuwa depite, mbunge wa jimbo. Akatuita kwake Katindo, mimi na akina mama wa mitaa mingine, tumsaidie kutoa watu majumbani siku ya kura. Alikuwa ameleta mtaalamu kutoka Kinshasa, mwanaume mzima mwenye kipara na kompyuta. Huyo akatuonyesha mji wetu ukutani, kila avenyu, yaani kila njia ya mtaa, na rangi yake.

"Kila mutu kwenye liste ya wapiga kura nimemupa pointi," akasema. "Miaka yake, siku aliyojiandikisha, kama alijibu simu yetu ao hapana. Wa kijani anatoka mwenyewe kupiga kura. Wa njano anatoka ukimusukuma. Wa nyekundu, hata umubebe, hatoki. Basi pikipiki zote na petroli yote, kwa njano."

Avenyu yangu ilikuwa nyekundu tupu, kama nyanya.

Mimi nilikuwa nimekuja kuomba pikipiki tano tu. Kwetu kuna akina mama wazee zaidi ya ishirini, na shule ya kupigia kura iko mbali, njia ni mawe matupu. Nikauliza kosa letu ni lipi.

"Wazee, Mama. Simu hawana. Na karte ya kura walichukua mwisho kabisa. Angalia hawa wa kijani: siku ya kwanza tu walishajaa kwenye foleni ya kujiandikisha!"

Nilicheka mpaka nikakohoa. "Papa, nani alikudanganya? Hapa karte ya kura ndiyo kitambulisho. Bila karte hupiti kizuizi, hununui laini ya simu. Hao walikimbilia karte, hawakukimbilia kura! Wazee wangu hawasafiri, haraka ya karte ya nini? Lakini kura wanaipenda."

"Mama, hii ni hesabu. Si maneno ya soko."

"Hesabu yako imekuja na ndege, haijatembea kwa miguu."

Wenzangu wakaangua kicheko. Mgombea akatazama viatu vyake. "Mama yangu, tumusikilize mwenye kusoma." Pikipiki sikupata hata moja.

Kilichoniuma si pikipiki. Mtu ambaye hajawaona wale wazee amekata shauri kwamba hawaji, na kwa sababu amekata hivyo, anawanyima njia ya kuja. Wakikosa kufika, atasema: si nilisema? Nikaapa hatasema.

Asubuhi ya kura nilimwambia dereva amwage changarawe yote iliyokuwa kwenye lori langu, Fuso. Tukapanga mabenchi ya kanisa, wazee wakapandishwa mmoja mmoja na vitenge vyao vya Noeli, vumbi jeusi likawapata wote.

"Leo nimekuwa mawe!" jirani yangu mwenye mguu mbovu akapiga kelele.

"Nyamaza basi, mawe hayasemi," mwenzake akamjibu.

Niliwaambia neno moja: kila mutu amupigie anayemutaka, kazi yangu ni kuwafikisha. Mashine za kura zilichelewa. Tulisimama kwenye jua mpaka saa nane. Hakurudi nyumbani hata mmoja.

Mgombea alipita na gari lake, akaiona Fuso, akashuka mbio, mikono wazi, mpiga picha nyuma yake. "Mama yangu! Mimi nilijua!"

"Baki huko huko. Sisi ni nyekundu, tutakuchafulia kompyuta."

Wazee wakapiga vigelegele. Picha hakuipata.

Matokeo yalipotoka, mgombea alikuwa ameanguka. Wale wake wa kijani, wengi walibaki nyumbani na karte mfukoni. Mtaalamu akaja kwangu kabla ya kurudi Kinshasa, sasa mpole, fomu mkononi, anataka kurekebisha hesabu. Akauliza tulimpigia nani. Nikamwambia hilo liko kati yangu na Mungu na ile mashine. Akauliza masomo, nikamwambia mwaka wa pili. Akauliza kazi, na kabla sijafungua mdomo, niliona amekwisha kuandika: *sans*. Yaani hana.

"Futa."

"Mama, fomu hii nafasi yake ni ndogo..."

"Basi toa karatasi ingine."

Hakuwa nayo. Mimi ninayo. Nilivyonavyo leo ni hivi:

Parsele mbili za ardhi Ndosho, zote na hati.
Nyumba moja ya mawe, moja ya mbao.
Fuso moja, imechoka, inatembea.
Nyundo kumi na nne.
Mashine ya kuponda mawe, nusu yangu, nusu ya dada yangu.
Viti vya plastiki kumi na viwili.
Mbuzi wawili.