Nilivyojifukiza Moshi wa Kisiki

Sijasoma sana, lakini ninapenda kujua mambo, na ndilo lililoniaibisha. Kwenye mkutano wa kijiji hapa Mbalibali, bwana misitu alieleza kwamba wanafuatilia, mwaka hadi mwaka, gesi zinazotolewa na moto wa misitu nchini. Moja, akasema, ndiyo ile ambayo baadhi ya madaktari wa meno humpa mgonjwa, naye huweza kucheka.

Maneno hayo hayakunitoka. Tangu tumzike mume wangu sikuwa nimecheka, na wanangu walianza kunong'ona nikiwa karibu. Nilitaka wanisikie nikicheka, hata mara moja.

Kesho yake nilikwenda kwenye kichaka kilichoungua. Kisiki kimoja kilikuwa bado kinafuka. Nikapiga magoti, nikajifunika kanga kama tunavyojifukiza mafua, nikavuta moshi. Kikaja kikohozi. Nikadhani gesi haijakolea, nikavuta tena.

"Shikamoo mama. Unatafuta nini humo?"

Nikafunua kanga. Alikuwa bwana misitu, amekuja kupima eneo lililoungua. Mama mkwe na wanangu walikuwa wakimwonyesha njia.

Uongo siujui. "Nasubiri kucheka," nikamjibu.

"Mama, gesi hiyo ni kidogo mno ndani ya moshi, nayo hupanda angani kuongeza joto la dunia. Hapo unakausha mapafu kama samaki."

Mama mkwe akautazama uso wangu uliojaa masizi. "Ungesema, mkamwana, nikuongezee kuni."

Kisha yule mama aliyemzika mwanawe akakaa chini kwenye majivu, akacheka mpaka kilemba kikamdondoka. Wanangu wakamfuata. Mimi nilikuwa bado nakohoa.