Suruali za Mdogo Wangu

Mimi ndiye kifungua mimba kwetu Kebirigo, na baba alipofariki mzee wa boma nikawa mimi. Lakini siku wageni walipokuja kujadili mahari ya dada yetu wa mwisho, walinipita mimi, mwalimu mwembamba niliyesimama mlangoni, wakaenda moja kwa moja kumpa mkono mdogo wangu. "Shikamoo mzee," wakamwambia. Mkono wangu ukabaki hewani. Na sababu ilikuwa kitambi tu. Mdogo wangu huuza ndizi kwa jumla soko la Daraja Mbili, na tumbo lake lilifika mahali popote kabla yake.

Nitasema ukweli: nilimwonea wivu. Wivu wa kuuma roho, si mchezo. Mke wangu naye akazidisha: "Shemeji amenawiri, Mungu amemkumbuka." Kwani mimi Mungu alinisahau?

Nikaanza kula. Asubuhi chai ya maziwa na mandazi manne, saa nne chipsi na soda, jioni ugali mkubwa na nyama ya mafuta. Shule iko mwendo wa dakika kumi, nikawa naenda kwa bodaboda. Miguu ilibaki vijiti vilevile, lakini tumbo, eh, tumbo lilikubali.

Wakati huohuo mdogo wangu akaanza kupungua. Alikuwa amepimwa mjini Kisii, akaambiwa mafuta ya damu yako juu na ini limeanza kujaa mafuta. Akaacha soda, akarudia ugali wa wimbi na mboga za chinsaga, akawa anatembea kila alfajiri. Jumapili moja akaja kwangu na mfuko wa suruali zake za zamani.

"Kaka, hizi zinanipwaya. Tafuta mtu umpe."

Nikaingia chumbani nikajaribu moja. Ilinikaa! Tena kiunoni ilibana kidogo. Nilitoka nikiwa nimeivaa, nikasimama mbele yake mikono kiunoni, furaha imenijaa hadi masikioni. Yeye hakucheka.

"Kaka, kama hiyo inakukaa, nenda ukapimwe. Nitakupeleka mwenyewe, hata kesho."

"Wacha wewe. Ini ni ugonjwa wa walevi. Mimi tangu nibatizwe sijaonja hata busaa."

Moyoni nikasema, ahaa, sasa ni zamu yako kuumwa na roho. Alipiga simu wiki hiyo, akapiga na iliyofuata. Niliitazama ikilia mpaka inyamaze. Na kilichonichoma zaidi ni kwamba watu walewale waliosifu kitambi chake sasa walimsifu kwa kukikosa. Eti amerudi kijana! Hata kwa kukonda alinishinda, jamani.

Miaka miwili ikapita. Nikaanza kuchoka bila kazi yoyote, na chini ya mbavu za kulia pakawa pazito. Mke wangu ndiye aliyenivuta hospitalini. Muuguzi alinizungushia utepe usawa wa kitovu, akaandika, akapima tena akidhani amekosea. Wakanitoa damu, wakapiga picha ya ini.

Daktari alikuwa msichana ambaye ningeweza kuwa nimemfundisha darasa la nne. Akanieleza polepole. Mafuta ya damu yamepanda sana. Ini limejaa mafuta, na sehemu nyingine limeanza kuwa na makovu.

"Mafuta peke yake tungeyapunguza kwa chakula na kutembea," akasema. "Haya makovu ndiyo yananitia wasiwasi. Hakuna mtu aliyekushauri upimwe mapema?"

"Mdogo wangu alinishauri."

"Lini?"

"Kama miaka miwili hivi."

Akaweka kalamu mezani. Mke wangu, aliyekuwa amekaa kando yangu, akageuka kunitazama. Simu zile hakuwahi kujua habari zake.

"Sasa mbona hukuja, mwalimu?"

Nilitafuta uongo, nikaukosa.

"Nilidhani ananionea wivu."